Mark X na Crown Athlete Tabora: mwongozo kamili wa kupima na kupunguza ulaji wa mafuta

Tabora mjini hakuna foleni. Kutoka Ipuli hadi sokoni ni dakika chache, na kutoka Cheyo hadi stesheni ya reli unafika kabla wimbo mmoja haujaisha redioni. Pamoja na hayo, wenye Mark X na Crown Athlete wa hapa wanalalamika kuwa magari yao yanakula mafuta kama yale yanayokaa kwenye msongamano wa Dar es Salaam. Malalamiko hayo ni ya kweli. Chanzo chake, mara nyingi, siyo kile wanachoambiwa na fundi, na kabla hujavunja injini au kuliuza gari kwa hasira kuna mambo ya kufanya kwa mpangilio, kuanzia yasiyo na gharama.

Nazungumzia sedani za Kijapani za kifahari zenye V6, maana ndizo zilizojaa mitaani kwetu. Mwenye BMW au Mercedes-Benz ya ukubwa huo atafaidika pia, akibadilisha tu namba za gari lake.

Jua injini uliyonayo

Mark X ya kwanza ilitengenezwa 2004 hadi 2009, ya pili 2009 hadi 2019. Crown Athlete tunazoziona zaidi ni za 2008 hadi 2012 na 2012 hadi 2018. Nyingi kati ya hizo zina injini ya 4GR-FSE, cc 2,499, silinda sita. Zipo pia za cc 3,456 zenye 2GR-FSE, ambazo nguvu zake zinapita farasi 300. Kwa vipimo vya Kijapani, zile za 2.5 ziliandikiwa kati ya kilomita 11 na 13 kwa lita, kutegemea toleo na aina ya kipimo. Vipimo hivyo vinafanyika ndani ya maabara, magurudumu yakizunguka juu ya roli, bila matuta ya Isevya wala mzigo wa Jumamosi. Kwa matumizi ya huku, 2.5 iliyo nzima ikikupa 7 au 8 mjini na 11 au 12 barabara kuu, haina ugonjwa. Ikikupa 5 mjini, endelea kusoma kwa makini.

Fungua kifuniko cha mafuta na utazame stika. Ukiona レギュラー, injini imepangiwa petroli ya kawaida ya Japani. Ukiona プレミアム au ハイオク, imepangiwa petroli ya oktani ya juu, yaani inayostahimili mgandamizo bila injini kugonga. Mark X ya kwanza na zile za 3.5 ziko kwenye kundi hili la pili. Ukiiwekea injini hiyo petroli ya oktani ndogo, kompyuta huchelewesha moto wa plagi ili injini isigonge. Injini inakuwa salama, lakini nguvu inapungua, mguu wako unafidia kwa kukanyaga zaidi, na ulaji unapanda. Kwa hiyo ukiwa bado unatafuta gari la kununua na kazi yako ni ya hapa mjini, chagua 2.5 ya petroli ya kawaida.

Pima kwa lita, siyo kwa shilingi

Hapa ndipo wengi wanapotea. Mtu anakwambia, "Naweka elfu hamsini, siku tatu imeisha." Sentensi hiyo haina kipimo hata kimoja. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo elfu hamsini ya mwezi huu si lita zile zile za mwezi uliopita. Mikoa yetu, iliyo mbali na bandari, inabeba pia gharama ya kusafirisha mafuta. Shilingi zinapima bei. Gari linapimwa kwa lita na kilomita.

Fanya hivi. Chagua sheli moja na pampu moja, na angalia kama ina stika ya Wakala wa Vipimo. Simamisha gari mahali pa tambarare. Mwambie mhudumu ajaze mpaka pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, kisha aache hapo hapo. Wahudumu wengi wana mazoea ya kuendelea kubonyeza kidogo kidogo ili hesabu ifike namba ya duara, 80,000 au 100,000. Mzuie kwa upole, mwambie unapima gari. Kiasi hicho cha nyongeza kinabadilika kila safari na kinaharibu hesabu yote. Ukiwa bado hapo, bonyeza kitufe cha tripu mpaka isome sifuri.

Tumia gari kama kawaida yako. Usijitese kuendesha kwa adabu wiki ya kipimo, kwa sababu unataka kujua hali halisi. Usirudi kujaza ukiwa umetumia lita 10 tu. Pampu inaweza kujikata mapema au kuchelewa kwa karibu lita nzima. Kwenye lita 10 hilo ni kosa la asilimia 10, kwenye lita 50 ni asilimia 2. Subiri utumie walau lita 40. Matenki ya magari haya ni makubwa, lita 70 hivi, kwa hiyo nafasi ipo.

Rudi pampu ile ile, jaza mpaka ijikate, chukua risiti yenye lita. Gawa kilomita kwa lita. Tuseme tripu inasoma 412 na umejaza lita 46.8: gari limekupa kilomita 8.8 kwa lita. Rudia kwenye tenki linalofuata kabla hujatoa hukumu, maana tenki moja linaweza kuwa na msiba wa Urambo ndani yake au wiki nzima ya kupeleka watoto shule.

Kama gari lako lina kioo cha taarifa kwenye dashibodi, 平均燃費 ni wastani wa kilomita kwa lita, na 瞬間燃費 ni ulaji wa sekunde hiyo. Wastani huo una kawaida ya kulisifia gari kupita pampu. Tumia pampu kwa hesabu, na hicho cha sekunde kitumie kama mwalimu wa mguu wako.

Tenganisha mjini na safari. Kwa safari, barabara ya Nzega inafaa kabisa kwa kipimo: lami, kilomita 115 hivi, na unaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo ili mwinuko na upepo vifidiane. Usipime kwa kwenda Kigoma bila kurudi. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770, kwa hiyo ukienda unashuka na ukirudi unalipa.

Safari fupi ndizo zinazotumaliza

Injini ikiwa baridi, kompyuta inaongeza petroli kwenye mchanganyiko, oili ni nzito, na mzunguko wa injini unakaa juu. Hali hiyo inaendelea kwa kilomita kadhaa mpaka maji yafike nyuzi 80 na zaidi. Sasa tazama siku ya kawaida hapa kwetu: nyumbani hadi shule, kilomita mbili, zima. Saa moja baadaye shule hadi kazini, moja na nusu, zima. Mchana kwenda kula Kanyenye. Jioni kwa fundi cherehani. Gari la lita mbili na nusu linaweza kumaliza siku nzima bila kufikia joto lake la kazi kwa muda wa maana. Ndiyo maana mji usio na foleni unakula mafuta kama Dar.

Unganisha safari. Badala ya kutoka mara nne, toka mara moja, na uanze na sehemu ya mbali zaidi. Ukienda kwanza Tumbi, injini inapata moto njiani, kisha vituo vya karibu unavimaliza ikiwa bado ina joto. Ukifanya kinyume, unawasha injini baridi mara tatu kabla haijawahi kuchemka.

Asubuhi usiache gari liungurume dakika 10 "lipate moto". Injini hizi zinahitaji nusu dakika, kisha uondoke taratibu bila kukanyaga sana. V6 ya 2.5 ikisimama inaunguruma hutumia karibu lita moja kwa saa, na zaidi AC ikiwa imewashwa. Dakika 20 za kumsubiri mtoto getini Tabora Girls ni theluthi ya lita, yaani kilomita mbili au tatu za mwendo umezichoma umekaa. Zima, shusha vioo, egesha chini ya mwembe. Miembe tunayo ya kutosha.

Halafu matuta. Gari la kilo 1,600 likifika kilomita 50 kwa saa limebeba nguvu ambayo kuitengeneza kumegharimu kama mililita 20 za petroli. Ukiruka kutoka tuta hadi tuta, unazinunua mililita hizo, unazitupa kwenye breki, unanunua tena. Ukiwa kwenye 100 na ukalazimika kusimama kabisa, umetupa mililita 70 na kitu. Dereva anayeona tuta mapema akaachia mguu, akafika nalo kwenye 20 bila kubana breki, akapita na kuondoka polepole, anaokoa zaidi ya chochote utakachonunua dukani.

Kama gari lina kitufe cha PWR, mjini kisiwashwe. Kinashikilia gia ndogo kwa muda mrefu ili gari liwe jepesi kuitikia. Matoleo mengi yana taa ya kijani ya ECO. Izoeshe iwake, lakini usiifanye ibada ukiwa unalipita lori.

Barabara kuu

Upinzani wa upepo hukua kwa mraba wa mwendo. Kutoka 100 kwenda 120 upinzani huo unapanda kwa asilimia 44. Kutoka 80 kwenda 120 unazidi mara mbili. Sedani hizi zimechongwa vizuri na zinakaa 140 bila kelele, na utulivu huo ndio unaodanganya, maana sikio halisikii kinachotoka kwenye tenki.

Tabora hadi Nzega kwa wastani wa 90 ni dakika 77. Kwa 120 ni dakika 58. Tofauti hiyo ya dakika 19 ni ya kwenye karatasi. Vijijini unashuka hadi 50 kisheria, askari wa tochi wapo, ng'ombe wanavuka, na kila ukishuka kutoka 120 umetupa mafuta mengi kuliko aliyeshuka kutoka 90. Kaa kati ya 85 na 95, gia ya sita ikiwa imeingia, na uache mwendo upungue kidogo ukipanda badala ya kuulazimisha.

Ukikaribia kibao cha kijiji, achia mguu mapema na ubaki kwenye D. Hapo kompyuta inakata petroli kabisa kwenye nozeli, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Wapo wanaoweka N mteremkoni wakiamini wanaokoa. Kwenye N injini inalazimika kuchoma petroli ili isizime, na wewe umepoteza breki ya injini. Ni hasara na ni hatari kwa pamoja.

AC mjini inagharimu, hivyo asubuhi shusha vioo. Ukishapita 80, funga vioo na uwashe AC kwa kiasi, kwa sababu vioo vilivyo wazi vinavunja umbo la gari.

Fungua buti pia. Sisi ni watu wa asali, na dumu la lita 20 la asali lina kilo 28 hivi, si 20. Madumu manne yaliyosahaulika buti tangu Sikonge ni sawa na kuzunguka mjini na abiria mnene wiki nzima.

Matairi, upepo na spesa

Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo. Stika imeandikwa kwa kPa; 230 kPa ni PSI 33. Pima upepo asubuhi kabla gari halijatembea, maana tairi likipata moto linasoma juu. Fundi pancha wengi wanapima kwa kupiga tairi teke au kwa geji iliyochoka. Nunua geji yako, si ghali. Upepo ukipungua PSI 10, ulaji unapanda kwa asilimia 2 hivi, na tairi linaliwa kingo zote mbili, hasara ambayo ni kubwa kuliko petroli yenyewe.

Jambo linalohitaji macho zaidi ni gari lililonyanyuliwa. Wengi wetu tunaweka spesa (vipande vya kunyanyulia gari) na matairi makubwa ili gari lisilambe barabara za vumbi. Naelewa sababu, lakini hesabu lazima ibadilike. Mark X ya 250G ilikuja na 215/60R16. Ukiweka 225/65R16, tairi linakuwa kubwa kwa asilimia 5, na kila likizunguka mara moja linafika mbali kuliko kompyuta inavyojua. Zile kilomita 412 za tripu kwa kweli zilikuwa 433, na ulaji halisi ni 9.3 kwa lita, si 8.8. Kabla hujasema gari limeharibika baada ya kubadilisha matairi, linganisha tripu na GPS ya simu kwa kilomita 50 mfululizo. Hata hivyo gari lililonyanyuliwa linapitisha upepo mwingi chini ya tumbo, na tairi zito linataka nguvu zaidi kuanza kuzunguka. Ukiweza kuishi bila spesa, ishi bila spesa. Na kila ukigusa miguu ya gari, maliza na alaimenti.

Gereji, kwa mpangilio wa gharama

Anza na joto. Ugonjwa unaokula mafuta kimya kimya kwenye magari yetu ni thamostati kung'olewa. Gari lilichemsha siku moja, fundi akaitoa, likaacha kuchemsha, kila mtu akafurahi. Thamostati kazi yake ni kuyazuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka yafike nyuzi 80 na kidogo. Bila hiyo, ukiwa barabara kuu upepo unayapoza maji kupita kiasi, kompyuta inadhani injini bado ni baridi, na inaendelea kumwaga petroli ya ziada safari nzima. Mshale wa dashibodi unaweza usikuonyeshe. Chomeka mashine ya kupimia chini ya usukani, endesha 80 kwa robo saa, soma joto la maji. Likikaa 65 au 70, umempata mwizi. Nunua thamostati halisi, irudishe, na kama gari litachemsha tena tafuta chanzo: feni, rejeta iliyoziba, kifuniko cha rejeta, pampu ya maji. Weka kulenti, siyo maji ya bomba.

Pili, breki. Baada ya mwendo wa kilomita 10 bila kubana sana breki, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na moto kuliko nyingine, breki ya upande huo imeshika.

Tatu, oili. Injini hizi zina VVT-i, mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, na zinataka oili nyepesi kama 5W-30. Ukiambiwa "hii ni Tabora, kuna joto, weka 20W-50," kataa. Oili nzito inaongeza msuguano, hasa kwenye zile safari fupi, na inachelewa kufika inakotakiwa.

Nne, hewa na moto. Ea klina iliyojaa vumbi inapunguza nguvu zaidi kuliko inavyoongeza ulaji, lakini ikipasuka inapitisha vumbi hadi kwenye sensa ya hewa na hapo hesabu ya petroli inavurugika. Baada ya safari za vumbi, ikague. Plagi ni sita. Za iridiamu hufika hata kilomita 100,000, za bandia hazifiki popote. Sensa ya oksijeni iliyochoka inaifanya injini ichome petroli nyingi na eksozi iwe nyeusi.

Mwisho, uchafu wa kaboni. Kwenye 4GR-FSE nozeli zinapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo petroli haipiti juu ya valvu za kuingiza hewa na haizisafishi. Kaboni inaganda pale mpaka injini inatetemeka ikiwa imesimama. Tatizo hili linajulikana sana duniani kwenye Lexus IS250 yenye injini hiyo hiyo. 2GR-FSE ina nozeli za aina mbili, hivyo haiathiriki sana. Dawa ya chupa unayomimina kwenye tenki haifiki kwenye valvu hizo. Lazima manifodi ifunguliwe na valvu zisafishwe kwa mkono, na fundi awe amewahi kuifanya kazi hiyo. Usiifanye kama injini haitetemeki.

Usikubali kutoa masega ya eksozi (kisafisha moshi) kwa ahadi ya kupunguza mafuta. Yakiwa yameziba ni tatizo na yanatibiwa. Yakiwa mazima, kuyatoa kunaichanganya kompyuta na kumpa aliyeyatoa kitu cha kuuza. Sumaku za kufunga kwenye bomba la petroli hazifanyi chochote.

Hesabu ikigoma

Ukishamaliza yote hayo, weka namba mezani. Kwa mfano, petroli ikiwa shilingi 3,000, safari ya Nzega kwenda na kurudi kwa kilomita 9 kwa lita ni shilingi 76,700 hivi. Kwa 11 ni 62,700. Elfu 14 kwa safari moja zinalipa thamostati na oili haraka sana kwa anayekwenda kila wiki.

Kwa anayeishi mjini tu, na safari zake zote ni za kilomita mbili, V6 ya 2.5 haitavuka 8 hata ufanye nini, na ya 3.5 itakuwa chini zaidi. Huyo, akitaka kubaki kwenye Crown, aangalie Athlete Hybrid ya 2012 hadi 2018: injini ya silinda nne yenye cc 2,493 ikisaidiwa na mota, iliyopimwa Japani kilomita 23.2 kwa lita. Hatapata 23 Tabora, lakini kwenye matuta na mwendo wa kusimama-simama ndipo inapong'ara, kwa sababu ile nguvu tunayoitupa kwenye breki sehemu yake inarudi kwenye betri. Kabla ya kulipia, mtu apime betri kubwa kwa mashine, aone hali ya kila kundi la seli, na atazame tundu la kupozea betri karibu na kiti cha nyuma. Likiwa limejaa vumbi, gari hilo limetunzwa vibaya, na bei ishuke kwa thamani ya betri au alitafute jingine.